Cherehani iwe biashara: oda za watu, sare za shule au nguo tayari?

Ukishona nguo za nyumbani zikapendwa, haupiti muda utaanza kuambiwa ufungue ofisi. Atasema jirani, atasema wifi, atasema mwalimu wa wanao aliyeiona ile sketi. Ushauri ni mzuri, ila unaruka swali linalotakiwa kutangulia: ofisi ya kushona nini? Kupokea oda za watu, kushona sare za wanafunzi na kushona nguo tayari za kutundika ni biashara tatu mbalimbali, hata kama cherehani ni moja na fundi ni yule yule.

Mimi huzitenganisha kwa kuuliza pesa ya nani ndiyo inayosubiri. Kwenye oda, mteja ameshanunua kitambaa; wewe unatoa uzi, zipu na siku yako. Kwenye sare, pesa yako inalala ndani ya majora, yaani mizigo mizima ya kitambaa, kuanzia Oktoba hadi Januari. Kwenye nguo tayari inalala mpaka atokee mtu ambaye mwili wake, rangi anayoipenda na mfuko wake vinakubaliana na ulichoshona bila kumuuliza. Kuna mafundi wazuri wengi waliofunga ofisi huku kazi yao haina kasoro, kwa sababu waliingia kwenye biashara ambayo mfuko wao haukuweza kuisubiri.

Kanuni za kodi na mikopo nitakazotaja ni za Tanzania Bara. Mengine yanafaa popote penye fundi.

Oda za watu

Hapa unaanza na ulichonacho: cherehani ya kukanyaga kwa mguu, mkasi unaokata vizuri, tepu, chaki, pasi na nyuzi za rangi nne tano. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, si lazima uinunue mwanzoni, maana kwenye mitaa ya mafundi hakosekani mwenye nayo anayewapitishia wenzake nguo kwa malipo kidogo. Mteja anakuja na kitenge chake cha yadi 6 na picha kwenye simu, anapimwa, anaondoka. Ukikosa wateja wiki nzima umepoteza pango na muda, lakini hukubaki na mzigo wa nguo ndani.

Oda pia ni shule. Kwa kupima watu unajua bega lililoshuka, mgongo uliopinda kidogo, hipsi pana juu ya miguu mifupi, kifua kikubwa chenye kiuno chembamba. Anayeruka hatua hii akaenda moja kwa moja kwenye nguo tayari hukata saizi za kubahatisha, na saizi ya kubahatisha ndiyo inayobaki kwenye hanga.

Gharama yake kubwa ni muda. Gauni lenyewe laweza kushonwa kwa saa nne, lakini kuna kupima, kusikiliza maelezo ya mshono, kukata, kujaribisha, kupunguza kiuno, kusubiri mteja arudi. Halafu kuna misimu. Idi, Krismasi, kicheni pati, sendofu, harusi: watu wote wanataka nguo siku moja. Fundi mwenye uwezo wa magauni 15 akipokea 30 wiki ya mwisho ya Ramadhani, siku ya kuandama kwa mwezi ofisi yake haipitiki.

"Fundi, gauni langu?"

"Naweka vifungo tu, dada yangu. Kaa kidogo."

"Kaa kidogo tangu adhuhuri, fundi?"

Huyo dada hatarudi, na atakuwa na haki. Kwa hiyo ukichagua oda, jifunze kukataa kazi mapema. Mteja uliyemwambia tarehe 10 kwamba nafasi zimejaa ataheshimu neno lako, na Idi ijayo atawahi.

Jambo la pili ni kwamba kitambaa ni cha mtu. Ukikiharibu unakilipa, na umakini unaanza kabla ya mkasi. Chukua kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Mteja akileta doti ashonewe gauni, muulize jina likae wapi, kwa sababu limeandikwa mahali pamoja, juu ya pindo la chini, na ukilaza vipande ovyo ili kubana kitambaa, maandishi yatakatikia kwapani au yatasomeka kichwa chini. Wako wanaotaka jina lishuke nyuma kwenye upindo wa gauni, wako wanaotaka lipite kifuani, na wako wasiotaka lionekane kabisa. Kitenge chenye maua makubwa kina taabu yake: ua likiangukia kifua upande mmoja tu, nguo itaonekana imepinda hata kama vipimo ni sahihi. Kitambaa cha pamba kiloweke, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Gauni likifupika baada ya kufuliwa mara ya kwanza, lawama ni ya fundi.

Na malipo: nusu kabla ya kukata. Hili ndilo linalotenganisha fundi anayekula jasho lake na fundi mwenye kabati la nguo za watu zilizotelekezwa. Mteja ambaye hajatoa kitu anaweza kusahau gauni miezi sita, kitambaa ni chake na huwezi kukiuza, na kazi yako imefungwa ndani yake. Kuwe na daftari: jina, kifua, kiuno, hipsi, urefu, bega, mkono, tarehe ya kuchukua, kilicholipwa, kilichobaki, na kipande kidogo cha kitambaa kimebanwa kwenye ukurasa huo ili oda zisichanganyike.

Sare za shule

Sare haina maelezo marefu ya mshono. Mashati meupe na kaptula au sketi za bluu za shule za msingi za serikali zinajulikana nchi nzima, muhula unafunguliwa Januari kila mwaka, na mtoto lazima avae. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi waliondolewa ada lakini sare iliendelea kuwa juu yao, na watoto wanaoandikishwa darasa la kwanza waliongezeka sana. Soko lipo, na tarehe yake unaijua mwaka mzima kabla.

Utamu wake uko kwenye ukataji. Unatengeneza patani za karatasi ngumu mara moja, kwa umri: miaka 6 hadi 7, 8 hadi 9, na kuendelea. Unatandika kitambaa tabaka kadhaa juu ya meza ndefu, unakibana kisicheze, unachora kwa chaki, unakata kaptula nyingi kwa mkato mmoja. Kisha hushoni kaptula moja mpaka iishe. Unashona mifuko ya zote, unahamia zipu za zote, halafu mikanda ya kiuno, halafu mapindo. Mkono ukizoea hatua moja kasi inapanda, uzi haubadilishwi kila dakika, na hata kijana anayejifunza anaweza kupewa hatua rahisi ya mapindo bila kuharibu nguo nzima.

Faida ya kila kipande ni ndogo, kwa sababu bei ya sare kila mzazi anaijua na maduka makubwa yananunua vitambaa kwa bei ya jumla usiyoifikia. Unachoshindana nacho ni ubora: mshono wa katikati ya kaptula uliopigwa mara mbili, upindo wa kutosha kushushwa mtoto akirefuka, na mfuko usiotoboka. Mama akiona mtoto amemaliza mwaka na sketi ile ile, mwakani atakuja na watoto wa dada yake.

Kuna sifa nyingine ya sare ambayo watu hawaipi uzito unaostahili: ikibaki, haipitwi na fasheni. Kaptula ya bluu isiyonunuliwa Januari itanunuliwa Julai shule zikifunguliwa tena, au Machi mtoto akichana aliyonayo. Hiyo ni tofauti kubwa na gauni la mtindo wa mwaka huu. Lakini sifa hii inategemea mahali. Nchini Kenya shule nyingi zina rangi na miraba yake, hivyo sketi iliyobaki ina wanunuzi wa shule moja tu, na fundi wa huko hana budi kuchagua shule mbili tatu akazijua vizuri. Hapa kwetu, shule za binafsi na sekondari nyingi zenye nembo ziko hivyo hivyo. Kwa anayeanza, ningebaki kwenye bluu na nyeupe.

Kikwazo ni ule usingizi wa pesa. Majora yananunuliwa Oktoba na Novemba, kabla bei haijapanda na kabla Kariakoo haijafurika, na pesa inarudi wiki za mwisho za Desemba na za kwanza za Januari. Asiye na akiba ataingia kwenye mkopo wenye riba wakati ambao hauzi chochote. Kama mko kikundi cha wanawake au vijana, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ombeni mapema, maana pesa ya sare ikifika Februari imekwisha kuchelewa.

Nguo tayari

Hii ndiyo inayotamaniwa zaidi, na ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa anayeanza. Duka lenye hanga, lebo yenye jina lako, picha mtandaoni. Hapimwi mtu, hasubiriwi mtu. Mteja anaona, anajaribu, analipa.

Mpinzani wako wa kwanza ni mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo na ikashikilia msimamo, na Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda mwaka 2018. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Kwa hiyo Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi bado zinauza shati imara kwa bei ambayo hata kitambaa chake hukipati dukani. Hapo hapo kuna nguo mpya za bei nafuu kutoka China. Fundi anayeanza akishona suruali za kawaida na blauzi za kawaida ameingia pambano lisilo lake.

Shona ambacho hakimo ndani ya belo la mitumba. Mashati ya kitenge ya kiume, nguo za watoto za Idi, vijora, na zaidi ya vyote madera. Dera linafaa sana kwa nguo tayari kwa sababu halina ugomvi wa saizi: pana, linaanguka lenyewe, linavaliwa na mwembamba, mnene na mjamzito. Hatari kubwa ya kutundika nguo ni saizi, na dera limeiondoa. Mapazia na foronya nazo hazina mwili wa kuzikataa, na mafundi wengi wa nguo wanazipita bila kuziangalia.

Ukishashona, bado hujauza. Kuuza ni kazi ya pili kamili: kupiga picha mchana kwenye mwanga mzuri, kujibu meseji zinazouliza bei na kupotea, kutafuta bodaboda mwaminifu, kupokea mwenye kurudisha. Asiyependa hayo atavutwa na mali kauli, yaani kumwachia mwenye duka nguo akuletee pesa zikiuzwa. Mali kauli si mbaya kwa mtu unayemjua na kwa nguo chache zilizoandikwa idadi na kusainiwa. Ila usimpe mtu mmoja mzigo wote, maana siku anapokwambia "bado hawajalipa", mtaji wako ndio unaosubiri tena.

Tuziweke kwenye hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako kisha upige upya. Tuseme una cherehani tayari na shilingi 600,000 mkononi, na unataka faida ya kama 300,000.

Kwa oda, tuseme ufundi wa gauni ni 25,000, na uzi, zipu na ovaloki ni 4,000. Inabaki 21,000. Utahitaji magauni 15, na kwa mwendo wa gauni moja kwa siku pamoja na kupima na kujaribisha, ni siku 15 za kazi. Pesa yako iliyotoka ni 60,000, na kama ulichukua nusu ya malipo kabla ya kukata, kwa kweli haikutoka mfukoni mwako.

Kwa sare, tuseme kaptula inauzwa 12,000 na inakula 8,000. Inabaki 4,000. Zile 600,000 zinatoa kaptula 75, na kwa kaptula 7 kwa siku unamaliza kushona ndani ya siku 11. Faida ni 300,000 kamili. Siku za kazi ni chache kuliko za oda, lakini pesa yote iko nje na unasubiri shule zifunguliwe.

Kwa madera, tuseme linauzwa 20,000 na linakula 11,000. Inabaki 9,000, na unapata madera 54 kwa kazi ya wiki mbili. Kwenye karatasi ni faida ya 486,000, na ndiyo karatasi inayowavuta watu. Sasa tuseme theluthi moja, yaani 18, yakwama na unayaachia kwa 10,000 kila moja ili pesa irudi. Yale 36 yamekupa 324,000, yale 18 yamekula 18,000, umebaki na 306,000. Ni ile ile ya sare, na hapo hatujaweka bando, nauli wala muda wa kujibu meseji.

Kwa hiyo kiasi cha faida peke yake hakizitofautishi sana. Tofauti ni mahali pa kuumia: oda inachosha mwili na masikio, sare inakausha mfuko kwa miezi mitatu, nguo tayari inakuachia mabaki.

Na ile ya nne isiyosemwa

Marekebisho. Kupunguza suruali, kubana shati la mtumba, kubadilisha zipu, kushusha upindo wa sare. Hakuna anayetangaza kwamba ndoto yake ni kubadilisha zipu, na ndiyo maana kazi ipo nyingi. Kitambaa hununui, mteja anasubiri kwenye benchi, analipa saa hiyo hiyo. Fundi aliyeweka meza karibu na soko la mitumba anageuza mpinzani wa nguo tayari kuwa mleta wateja. Mimi naiheshimu sana kazi hii, na nimeona ikilipa pango la ofisi ambayo oda zenyewe zisingelilipa.

Makaratasi, kwa kifupi

Namba ya mlipakodi, TIN, hupewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA. Leseni ya biashara unaifuata halmashauri. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Fundi wa mauzo ya milioni 5 mwenye daftari analipa 30,000. Mwenzake wa mauzo yale yale asiye na daftari analipa 100,000. Kwa wa oda, lile daftari la vipimo lenye malipo na tarehe limeshafanya nusu ya kazi hiyo. Ukijifunzia kwa fundi mtaani bila cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa, na cheti hicho kinasaidia ukitafuta kazi ya sare kwenye shule au taasisi.

Nani achukue ipi

Mwenye mshahara anayeshona jioni na wikiendi: sare. Mshahara wako unaweza kusubiri Januari, na kaptula haikupigii simu saa za kazi. Oda zitakugombanisha na mwajiri na wateja kwa pamoja.

Mama mwenye watoto wadogo nyumbani: oda chache za watu wa karibu, nusu ya pesa mbele, na madera machache kila mwezi ukipima wapi yanaenda. Usikodi fremu mpaka oda zikushinde sebuleni.

Wawili wanaoelewana, mmoja mwenye mkono na mwingine mwenye mdomo wa biashara: hao ndio ningewaambia wajaribu nguo tayari, kwa makubaliano ya maandishi juu ya nani ametoa nini. Fundi peke yake asiyependa kuuza asiingie huko mwaka wa kwanza.

Kijana aliyemaliza mafunzo juzi, ana cherehani moja na hana akiba: tafuta meza karibu na mnada wa mitumba, chukua marekebisho asubuhi na oda mbili tatu kwa wiki. Pesa ya marekebisho ilipe pango na chakula. Ile ya oda iweke pembeni isiguswe, na Oktoba ikifika nenda Kariakoo ukanunue jora moja la bluu.